Patan: wafalme waliondoka, patola ikabaki

Mgeni wa Patan, mji wa kaskazini mwa Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, hupelekwa kwanza Rani ki Vav, kisima cha ngazi cha karne ya 11 kilichoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2014. Ni kizuri mno. Ila mimi, kwa kuwa historia ya nguo ndiyo kazi yangu, ningekupeleka kwanza kwa ukoo wa Salvi, wafumao patola.

Patola ni hariri ambayo nyuzi zake hutiwa rangi kabla ya kufumwa, mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za kukatiza) pia. Kwingi nyuzi hufungwa na kuchovywa za upande mmoja tu. Patan ni pande zote mbili. Fundi hupima, hukaza kwa uzi wa pamba pale rangi isipotakiwa kuingia, huchovya, hufungua, hufunga pengine, huchovya tena. Kisha watu wawili huketi kwenye kitanda cha kufumia kilichoinama upande mmoja. Kila wakifuma kipande kidogo husimama, wakazisogeza nyuzi kwa sindano hadi nyekundu ya mshindio ilale juu ya nyekundu ya mtande. Sari moja humaliza miezi mingi. Ikishafumwa, haina ndani wala nje.

Masimulizi ya ukoo husema mfalme Kumarapala wa nasaba ya Solanki, katika karne ya 12, alihamisha familia 700 za wafumi kutoka Jalna, huko Dekani, nyanda za juu zilizo kusini zaidi, ili asikose vazi safi la ibada. Patan ilikuwa makao yake makuu. Baadaye majeshi ya Delhi yaliuteka mji, na Ahmedabad ilipoanzishwa mwaka 1411, utawala ukahamia huko. Ufundi wa anasa ukipoteza ikulu, mara nyingi hufa.

Haukufa, na naamini sababu kubwa ni bahari. Wafanyabiashara wa Gujarat walipeleka nguo pande zote: vitambaa vya Kambaya, bandari ya Gujarat, vilifika Kilwa na Mombasa, na patola zikaelekea Java, Sumatra na Sulawesi, visiwa vya Indonesia ya leo. Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India iliwatunuku patola watawala wa visiwa hivyo, maana bila urafiki wao viungo havikupatikana. Watoraja wa Sulawesi walizihifadhi kama vitu vitakatifu, wakarithishana kizazi kwa kizazi. Pambo la tembo lilipendwa huko hasa.

Soko hilo lilikatika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Siku hizi wanaofuma Patan ni familia chache tu, na wateja wao wengi ni wenye harusi, ambao husubiri zamu kwa muda mrefu. Rajkot, mji mwingine wa Gujarat, nayo hutoa patola za bei nafuu, nyingi zikiwa za mshindio peke yake. Kabla hujalipa, kagua nyuzi kwa kioo cha kukuzia: mtande ukiwa wa rangi moja, patola hiyo si ya mtindo wa Patan.