Manjano juu, nyekundu chini

Ukiwa Bengaluru, jiji la kusini mwa India, tarehe 1 Novemba, achana na jukwaa la wageni rasmi. Nenda kituo cha bajaji. Madereva wameshaosha vyombo vyao na kuvivika maua, na mbele inapepea bendera ya rangi mbili: manjano juu, nyekundu chini. Pengine utakuta na picha ya Rajkumar, mwigizaji aliyefariki 2006, au ya Shankar Nag, ambaye madereva wanampenda mpaka leo kwa kuwa aliwahi kumwigiza mwenzao.

Hiyo ndiyo Rajyotsava, sikukuu ya jimbo la Karnataka. Mwaka 1956 maeneo ya wasemaji wa Kikannada, yaliyokuwa chini ya tawala mbalimbali, yaliunganishwa kuwa jimbo moja la Mysore. Jina la Karnataka likaja 1973. Mpaka ulifuata lugha. Na hapo ndipo kazi ya mpigapicha inapokuwa ngumu, maana lugha husikika, haionekani.

Mara ya kwanza sikuyawaza hayo. Niliona rangi, nikabonyeza. Usiku kwenye kompyuta nikakuta bendera zimegeuka mabaka bapa, hazina hata mkunjo. Sababu ni hii: sensa ya kamera husoma rangi kwa njia tatu, nyekundu, kijani na buluu. Nyekundu hujaza njia yake, na manjano kwa kamera ni nyekundu na kijani kwa pamoja. Kwa hiyo bendera yote, juu na chini, inaimwagia njia moja. Histogramu ya kawaida, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, itakuambia mambo shwari, kumbe nyekundu imeungua zamani, yaani imejaa mpaka ikapoteza maelezo yake. Siku hizi natazama histogramu ya rangi tatu, napunguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), juani hata stopu nzima, na napiga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Vivuli nitavipandisha nyumbani. Nyekundu iliyoungua hairudi.

Rangi zenyewe ni arishina, yaani manjano ya jikoni, na kumkuma, unga mwekundu wa kutiwa kipajini. Lugha yetu nayo inaita rangi kwa jina la kiungo, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hahitaji somo refu. Bibi harusi wa kule hupakwa arishina kabla ya ndoa. Shangazi zangu wa Tanga wangeitambua harufu hiyo tangu mlangoni.

Pwani kuna Yakshagana, mchezo wa ngoma, nyimbo na majibizano ambao kwa desturi hukesha hadi alfajiri. Wapigapicha wengi huvamia kilemba kikubwa na uso uliopakwa rangi, wakaondoka. Mimi naona wanaacha nusu ya mchezo. Waigizaji wa mbele huitwa mummela. Nyuma yao imekaa himmela, yaani bhagavata anayeimba hadithi pamoja na wapiga ngoma za chande na maddale. Maneno ya wimbo yanatoka nyuma huko, kwa Kikannada, au kwa Kitulu kwa baadhi ya vikundi. Basi natumia lenzi pana na kusubiri mdomo wa bhagavata ufunguke huku mchezaji akizunguka. Jihadhari na taa za LED: umeme wa India, kama wetu, ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukikimbiza shata, yaani kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, utapata michirizi. Nabaki 1/100 ya sekunde, vazi likivutika kidogo, ndivyo linavyozunguka.

Mabango ya maduka nilikuwa nayakata kama uchafu wa fremu. Siku hizi nayatafuta. Tangu 2024 sheria ya jimbo inataka Kikannada kichukue asilimia 60 ya bango la biashara, na herufi zile za mviringo zinamweleza mtazamaji yuko wapi kuliko kasri la mji wa Mysuru lenye taa zake, ambalo kila mtu analo kwenye simu.

Kilichonifundisha zaidi ni safari ya Yellapur, katika misitu ya wilaya ya Uttara Kannada. Huko wanaishi Wasiddi, uzao wa Waafrika ambao wengi wao waliletwa na Wareno kupitia Goa. Nilipowaona nilitaka kuwaamkia kwa Kiswahili, nikajiona mjinga. Wanazungumza Kikonkani na Kikannada. Mama mmoja alikuwa amekaa barazani akishona kavand, blanketi la viraka vya nguo kuukuu, huku mwanawe akiandika herufi za Kikannada kwenye kibao na yeye akimsahihisha bila kuinua macho. Niliomba ruhusa, nikachuchumaa, nikahakikisha kibao kinasomeka.

Maelezo niliyoandika ni haya: “Mama na mwanawe, Yellapur, Karnataka.” Mhariri mmoja aliitaka picha hiyo, ila kwa masharti mawili: neno Afrika liingie kwenye kichwa, na kibao kikatwe. Nimemtumia picha nyingine.