Taswira ya diski: nakala inayobeba hata makosa

Taswira ya diski ni faili moja inayobeba diski nzima: baiti zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kwa mpangilio uleule zilivyokaa kwenye diski. Si sawa na kunakili faili zilizomo ndani. Fikiria noti za mwenzako darasani. Ukizinakili kwa mkono unapata maneno. Ukizipiga fotokopi unapata maneno, mistari aliyoikata, doa la chai, na ile namba ya simu iliyoandikwa pembeni kwa penseli. Kwa anayejisomea mtihani doa la chai halina kazi. Kwa anayefufua kompyuta za miaka ya 1980, mara nyingi doa hilo ndilo analolitafuta.

Istilahi hii hukawii kukutana nayo ukiingia kwa wakusanyaji wa kompyuta za zamani. Wao huanza na mashine: Apple II ya 1977, IBM PC ya 1981, Commodore 64 ya 1982, Amiga ya 1985. Huinunua ikiwa imekufa, wakaifungua, wakabadilisha kapasita zilizochoka, wakasafisha maji ya betri yaliyokula njia za shaba kwenye bodi. Ni kazi ngumu, lakini fundi wa redio mwenye subira anaiweza. Kisha mashine inawaka, na hapo ndipo tabu halisi inapoanza, kwa kuwa haina programu ya kuendesha. Amiga 1000, ile ya 1985, ndiyo kali kuliko zote. Hata programu yake ya msingi, iitwayo Kickstart, haikuwekwa ndani ya mashine. Ilisomwa kutoka kwenye flopi, ile diski nyembamba ya kuchomeka, kila ilipowashwa. Ukiiwasha leo bila flopi hiyo, inakuonyesha picha ya mkono ulioshika flopi na kukusubiri, kama kondakta mbele ya abiria asiyetoa nauli.

Sasa flopi yenyewe. Ndani ya ganda lake mna duara la plastiki nyembamba lililopakwa unga wa oksidi ya chuma, ndugu wa kutu, ulioshikwa kwa gundi. Data huandikwa kwa kugeuzageuza mwelekeo wa sumaku kwenye miduara inayoitwa njia, na kila njia imekatwa vipande viitwavyo sekta. Ile flopi ya inchi 3.5 tuliyobebea barua za kazi ina pande 2, njia 80 kila upande, sekta 18 kila njia na baiti 512 kila sekta. Zidisha utapata 1,474,560. Hiyo ndiyo "1.44MB" iliyoandikwa kwenye boksi, namba ya ajabu inayopatikana kwa kugawa mara moja kwa 1,024 na mara ya pili kwa 1,000, kana kwamba hesabu ilianzwa na mtu mmoja ikamaliziwa na mwingine.

Taswira ya kawaida ya flopi hiyo itakuwa na baiti 1,474,560 kamili hata kama ndani mna barua moja tu ya kurasa mbili, maana sehemu zisizotumika nazo hunakiliwa. Na sehemu hizo si lazima ziwe tupu. Ukifuta faili, kompyuta kwa kawaida hulifuta jina lake kwenye orodha tu. Yaliyomo hubaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Hivyo taswira inaweza kubeba rasimu ambazo mwenyewe aliamini amekwisha zitupa. Anayetaka kumpa mtu taswira ya flopi zake za zamani alijue hilo mapema.

Kwa flopi za PC za inchi 3.5 kazi ni nyepesi. Kisomeo cha USB kinatosha, na programu za kutengeneza taswira zipo bure. Ugumu unakuja kwa mashine nyingine. Amiga ilitumia flopi za inchi 3.5 kama kawaida, zile zenye nusu ya nafasi ya ile ya 1.44MB, lakini ilizipangia sekta 11 kwa njia pale PC ilipopanga 9, ikazijaza bila kuacha mapengo ambayo PC huyategemea. Ndiyo maana flopi ileile moja hubeba KB 720 kwenye PC na KB 880 kwenye Amiga, na taswira ya Amiga huwa na baiti 901,120. Plastiki ni moja, mwandiko mbalimbali. Ukiichomeka flopi ya Amiga kwenye kisomeo cha USB, Windows haitakuambia kwamba mwandiko huu haiujui. Itakuomba ruhusa ya kuiformati. Usikubali hata kama inaomba kwa adabu.

Juu ya hayo kuna mambo ya kinga. Kampuni za michezo za miaka ile ziliogopa kunakiliwa, zikabuni mbinu: kuharibu sekta moja makusudi, au kuandika sehemu yenye sumaku isiyoeleweka, kiasi kwamba kila ukiisoma inatoa jibu tofauti. Mchezo ukianza, huenda kwanza kuangalia kama kasoro ile ipo. Flopi halisi inayo. Nakala haina, kwa kuwa kompyuta ya kawaida haiwezi kuandika kasoro ya namna hiyo hata ikitaka. Huandika data safi tu. Mchezo ukikuta usafi, unagoma. Yaani flopi nzuri ndiyo ya bandia, na mbovu ndiyo halali.

Wajanja wa wakati ule waliivunja kinga hiyo, na michezo mingi inayozunguka leo imetokana na nakala zao. Inacheza vizuri, ila si ile iliyouzwa dukani. Waliovunja wameondoa kipande hapa, wameongeza majina yao na muziki wao pale mwanzoni, na pengine wamekata hatua nzima ya mchezo ili itoshe. Mkusanyaji makini hairidhii. Anaitaka programu kama ilivyotoka kiwandani, na kasoro zake za kupandwa.

Kwa hiyo pana aina ya pili ya taswira, na hii ndiyo iliyobadilisha kazi. Badala ya kuuliza "sekta hii inasemaje?", kifaa huuliza "sumaku imegeuka saa ngapi?" Flopi ya inchi 3.5 huzunguka mara 300 kwa dakika, mzunguko mmoja sekunde 0.2. Kwenye flopi ya Amiga mageuko ya sumaku huachana kwa takriban mikrosekunde 4, 6 au 8. Vifaa kama KryoFlux na Greaseweazle, vinavyounganishwa kati ya draivu ya zamani, yaani kisomeo cha flopi, na kompyuta ya leo, hupima kila pengo na kuliandika, mizunguko kadhaa kwa kila njia, bila kujali maana yake. Kufasiri ni kazi ya baadaye. Faili inakuwa kubwa, huenda ikafika makumi ya megabaiti kwa flopi isiyojaza hata moja, lakini ndani yake mna kila kitu: data, kasoro za makusudi, na uchakavu wa miaka 40.

Hapa pana jambo linalowachanganya wageni. Taswira mbili za sekta zilizotoka kwenye flopi mbili za mchezo uleule, zikiwa nzima, hulingana baiti kwa baiti, na ndivyo watu walio mbali wanavyothibitisha kwamba nakala zao ni sahihi. Taswira za mageuko ya sumaku hazilingani kamwe, hata ukiisoma flopi ileile mara mbili mfululizo. Mota haizunguki kwa mwendo mmoja kamili. Kutolingana huko si dalili ya ubovu.

Mfano bora ninaoujua ni wa Andy Warhol. Mwaka 1985 Commodore, kampuni iliyotengeneza Amiga, ilimwalika msanii huyo wa New York kwenye uzinduzi wa Amiga, akachora kwa kompyuta mbele ya watu. Alifariki mwaka 1987, na flopi zake zikaishia kwenye makumbusho yenye jina lake huko Pittsburgh, zikiwa zimetunzwa lakini hazisomwi. Msanii Cory Arcangel ndiye aliyelichokonoa jambo hilo, na klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, katika mji huohuo, ikazisoma kwa KryoFlux. Taswira zikapatikana. Orodha ya faili ikaonyesha majina kama campbells.pic na marilyn1.pic, majina ya picha zake mashuhuri za supu ya Campbell's na za Marilyn Monroe, ambayo yeyote anayemjua Warhol angeruka kwenye kiti akiyaona. Lakini faili hazikufunguka. Zilikuwa za muundo usiojulikana, na wanaklabu wakalazimika kuuchambua muundo huo wenyewe hadi picha zikatokea. Mwaka 2014 zikatangazwa: picha 28, mojawapo Venus wa mchoraji Botticelli, hapa akiwa na macho matatu.

Kisa hicho kinaonyesha mpaka wa kazi ya taswira. Imeiokoa diski kabla unga haujabanduka, basi. Kuielewa kunahitaji vitu vingine: maarifa ya muundo wa faili, mashine halisi, au emuleta, yaani programu inayojifanya mashine ile ndani ya kompyuta yako ya leo. Na emuleta ya Amiga nayo inadai Kickstart yake.

Kwa mwenye boksi la flopi kabatini, adui wa kwanza ni unyevu. Tanga, Mombasa au Unguja, flopi iliyokaa miaka kwenye boksi la karatasi inaweza kuota ukungu, nao huonekana kama madoa meupe ukisogeza kile kifuniko cha chuma na kulizungusha duara kwa kidole. Usiichomeke ikiwa hivyo. Kichwa cha kusomea kitaukwangua ukungu pamoja na unga wenye data, halafu uchafu huo utaikwaruza flopi itakayofuata. Husafishwa kwanza kwa alkoholi ya isopropili, taratibu, na kichwa cha draivu nacho husafishwa kila baada ya flopi ya mashaka. Kabla ya yote funga uandishi. Kwenye flopi ya inchi 3.5 unafunga kwa kukiacha kitundu wazi; kwenye ile kubwa ya inchi 5.25 unafunga kwa kukiziba kikato cha pembeni. Ndiyo, ni kinyume, na wengi wamekosea hapo.

Taswira zilizokwisha tengenezwa zipo nyingi. Internet Archive ya San Francisco ina mkusanyiko mkubwa, na sehemu yake unaiendesha ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Ila programu kuacha kuuzwa hakuifuti hakimiliki yake. Mwenyewe yupo, au aliyeinunua kampuni yake yupo, hata kama amesahau kwamba anayo. Anayejitengenezea taswira ya flopi aliyoinunua na anayezimwaga taswira za kampuni nyingine kwa elfu hawako mahali pamoja kisheria.

Na ukiisha kutengeneza taswira, flopi usiitupe. Sekta iliyogoma kwenye draivu hii huweza kusomeka kwenye nyingine ambayo kichwa chake kimekaa pembeni kidogo tu, na wapo waliopata njia yao ya mwisho kwenye draivu ya nne waliyoijaribu.