Kofia ndogo ya Wayahudi si amri ya Torati

Wengi hudhani kwamba Torati imemwamuru kila mwanamume Myahudi avae kippa, ile kofia ndogo ya duara inayokaa utosini, na kwamba asiyeivaa ameiacha dini yake. Sivyo. Torati haina amri hiyo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 28, kinataja vilemba, lakini hayo ni mavazi ya makuhani wakiwa katika huduma yao.

Desturi hii ilikua taratibu. Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mafundisho ya walimu wa dini ya Kiyahudi, inasimulia habari za mama aliyemwambia mwanawe afunike kichwa ili hofu ya Mungu iwe juu yake, na inamtaja Rav Huna, mwana wa Rav Yehoshua, ambaye hakuwa akitembea dhiraa nne kichwa wazi. Huo ulikuwa uchaji wa mtu binafsi. Baadaye sana ndipo Wayahudi Waorthodoksi, wale wanaoshika sheria za dini kwa ukamilifu, wakaushika kama wajibu. Wayahudi wengine huivaa wakiwa sinagogi tu.

Kwa hiyo kichwa wazi hakipimi imani. Wakati mwingine kinaonyesha hali ya mtaa. Mei 2019, Felix Klein, kamishna wa serikali ya Ujerumani wa kupambana na chuki dhidi ya Wayahudi, alisema hawezi kuwashauri wavae kippa kila mahali na wakati wote nchini humo. Wapo wanaoifunika kwa kapelo wakiingia kwenye treni. Kumwuliza mtu huyo imani yake iko wapi ni kumwonea.

Hata sheria imewahi kuwabana. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliruhusu Jeshi la Anga limkataze Kapteni Simcha Goldman kuvaa kippa akiwa na sare. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuruhusu mavazi ya dini yaliyo nadhifu na ya staha.