Risiti ya Acacia Avenue: dhana potofu kuhusu kukusanya kumbukumbu za Dar es Salaam

Tangu Sultani Majid aanze kujenga hapa katika miaka ya 1860, Dar es Salaam imebadili watawala, fedha, majina ya barabara na hadhi yake mara nyingi. Kila badiliko limeacha alama kwenye vitu vya kawaida: tiketi, bahasha, leseni, kanga, kadi za uanachama. Vitu hivyo vinapotea kila siku, na vingi vinaharibiwa na watu wanaovipenda, kwa sababu ya mambo machache wanayoyaamini ambayo si kweli.

"Kikongwe zaidi ndicho chenye historia zaidi"

Chukua sarafu ya pesa moja ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ya 1890 hadi 1892, yenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Ni kongwe kweli. Lakini sarafu hiyohiyo ilipita mikononi mwa watu Tanga, Bagamoyo na Kilwa. Haina anwani, na kuhusu Dar es Salaam yenyewe haisemi mengi.

Sasa weka kando yake risiti ya duka la vitambaa ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Juu pana jina la duka, Acacia Avenue, sanduku la posta na namba ya simu yenye tarakimu chache tu. Katikati kuna yadi ngapi, kitambaa gani na bei kwa shilingi na senti. Chini kuna stempu ya ushuru, na saini ya muuzaji imekatiza juu yake. Karatasi moja imekupa mtaa, biashara, bei na mwandiko wa mtu.

Jina la barabara peke yake ni kalenda. Acacia Avenue ikawa Independence Avenue baada ya Uhuru, kisha Samora. Pugu Road leo ni Barabara ya Nyerere, na Upanga Road ni Ali Hassan Mwinyi. Muhuri wa halmashauri nao unasema: mji ulipata hadhi ya manispaa 1949 na kuwa jiji Desemba 1961, na mwaka 2000 zikaja manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Usafiri una ngazi zake pia. Tiketi ya basi ya DMT (kampuni ya Dar es Salaam Motor Transport) ni ya kati ya 1949 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ya UDA (Usafiri Dar es Salaam), shirika lililofuata, inaanzia 1974. Ukipata karatasi ya serikali iliyochapwa "Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar", ishike kwa mikono miwili: jina hilo lilianza Aprili 1964, na ilipofika mwisho wa Oktoba mwaka huohuo nchi ilikuwa imeshaitwa Tanzania.

Tahadhari moja. Ofisi hazikutupa fomu za zamani, zilizimaliza kwanza. Kwa hiyo utakuta fomu ya "Tanganyika" iliyofutwa kwa kalamu na kugongwa muhuri mpya juu yake. Wengi huiona imechafuliwa na kuiacha. Sisi wakusanyaji tunaihesabu kuwa bora kuliko fomu safi, kwa sababu inaonyesha makabidhiano yenyewe yakifanyika mezani kwa karani.

"Tarehe iliyoandikwa ndiyo tarehe ya kitu"

Mfano mkubwa ni riale ya Maria Theresa, fedha iliyozunguka sana pwani yote. Kila moja imeandikwa 1780, na hiyo ni tarehe tu ya mwaka aliofariki malkia huyo; zimeendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo mpaka zama zetu. Uzito wake halisi ni gramu 28.07. Ikiwa nyepesi kwa gramu mbili tatu, rudisha pochi mfukoni. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora 1916, ndiyo inayoigwa zaidi. Ya kweli ina gramu 7.17. Mizani ya sonara inatosha kumaliza ubishi.

Postikadi hudanganya kwa njia nyingine. Muhuri wa posta unaeleza siku kadi ilipotumwa. Picha yenyewe inaweza kuwa ya miaka kumi nyuma, maana wachapaji walirudia picha zilizouzika. Pima picha kwa majengo yake. Ikiwa sanamu ya Askari imo, haiwezi kuwa kabla ya 1927. Hoteli ya Kilimanjaro ikionekana ufukweni imekamilika, ni 1965 au baadaye. Kisha geuza nyuma: mgongo usiogawanywa, ambao ulikuwa wa anwani tu, kwa kadi za Kijerumani unaashiria kabla ya 1905. Tahajia ya "Daressalam" katika neno moja ni alama ya Wajerumani, na wao waliuacha mji Septemba 1916.

"Safisha kwanza, ndipo kionekane"

Hapa ndipo hasara kubwa inapotokea. Ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya kung'arishia shaba: vyote vinaharibu. Asidi inayeyusha lile tabaka la rangi ya kahawia ambalo shaba imelijenga kwa miaka mia, na inachukua kidogo cha shaba yenyewe. Sarafu inabaki na rangi ya waridi isiyo ya kawaida, na majivu yanaacha mikwaruzo midogo inayoonekana ukiielekeza kwenye mwanga. Hakuna kinachoirudisha ilivyokuwa.

Sarafu za Kijerumani za heller 20, za Tabora za 1916, zinaonyesha vizuri kwa nini hili ni kosa. Zilipigwa kwenye karakana ya reli wakati manowari za Waingereza zimefunga bahari na fedha haziwezi kuingia tena Dar es Salaam. Zipo za shaba nyekundu na zipo za shaba ya manjano, kwa sababu walitumia madini yoyote yaliyopatikana. Chini ya taji kuna DOA (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), mwaka, na T ya Tabora. Chapa mara nyingi haikukaa sawa. Ule ukwaru wake ndio ushahidi, na ukiisugua ing'ae umefuta habari ya vita.

Kama kuna udongo ulioganda, loweka kwenye maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri lakini si yale yenye asidi, soma chupa. Badilisha maji kila siku kwa siku tatu au nne, kisha kausha kwa kugusisha kitambaa cha pamba, usisugue. Ukiona unga wa kijani mpauko unaorudi kila ukiufuta, hiyo ni kutu ya chumvi ya baharini. Itenge sarafu hiyo na nyingine na uiweke pakavu.

"Stempu ibanduliwe, bahasha haina kazi"

Stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zilichapwa kwa mamilioni. Bahasha iliyotoka Kariakoo kwenda Kigoma ikiwa na muhuri unaosomeka, anwani, na namba ya rejista ni moja tu duniani. Usikate hata kona. Vivyo hivyo kwa doti ya kanga ambayo haijakatwa: vipande viwili vikiwa bado pamoja, pindo na mji vimekamilika, maandishi madogo ya kiwanda yakiwa pembeni, hiyo inaweza kuwekewa umri. Kiwanda cha Urafiki kilianza 1968, kwa hiyo kanga yenye alama yake haiwezi kuwa ya sherehe za Uhuru wa 1961, hata muuzaji aape.

"Nimeipiga lamineti, imepona"

Lamineti ni joto na gundi, na haitoki tena. Selotepu nayo ndani ya miaka michache huwa ya njano, gundi yake huingia ndani ya karatasi na kuacha doa la mafuta. Albamu zenye kurasa za kunata za miaka ya 1970 zimeharibu picha nyingi za harusi za mji huu kuliko mvua.

Mifuko laini ya plastiki ni hatari iliyojificha. Ile ya PVC hutoa kemikali polepole, sarafu zinapata utando wa kijani unaonata na picha hugandamana. Kuna kipimo rahisi: pasha waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, uguse plastiki, urudishe kwenye moto. Ukiona mwali wa kijani, ina klorini, usiitumie. Fanya hivyo nje, kwa kipande kidogo, na usivute moshi. Nunua mifuko ya poliesta au polipropilini.

Adui wa pili ni hewa yetu. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda, ukungu huota, na Dar es Salaam hupita kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka. Tumia boksi lenye mfuniko wa mpira, pakiti za silika jeli ndani, na kipima unyevu kidogo. Silika ikibadilika rangi, ikaushwe kwenye oveni ya joto dogo irudi kazini. Boksi likae mbali na ukuta wa nje, walau sentimita 15 juu ya sakafu. Kanga ifuliwe wanga wote utoke, maana wadudu wanaufuata, kisha izungushwe kwenye bomba la karatasi badala ya kukunjwa. Mikunjo ndiyo hukatika kwanza.

"Vinapatikana kwenye maduka ya vitu vya kale tu"

Huko utakuta vilivyokwisha kuchaguliwa, na mara nyingi vimesafishwa. Nenda kwa wauza vitabu vya barabarani na ufungue kila kitabu, kwani tiketi zilitumika kuweka ukurasa. Tiketi ya reli ya kadi ngumu, takriban sentimita 5.7 kwa 3, inalala humo miaka hamsini bila kuonekana. Nenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wanaopata vibao vya matangazo, na kwa wanaouza karatasi za kufungia karanga. Duka la familia linapofungwa, uliza mapema kuhusu daftari za mauzo, kabla ya mkokoteni kuja.

Ukikipata, andika siku hiyohiyo. Kwenye daftari: namba, kimetoka mtaa gani, nani alikuwa nacho na alisema nini, bei uliyolipa. Namba hiyo iandikwe nyuma ya karatasi kwa penseli laini, 2B, pembeni. Wino wa kalamu hupenya mbele. Piga skani pande zote mbili kwa dipiai 600 (nukta 600 kwa kila inchi). Mwenye duka akisema "hii ilikuwa ya babu, pale Mtaa wa Uhuru", maneno hayo yaandike kama alivyoyatamka.

"Nimenunua, basi ni changu kufanya nitakalo"

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu ambavyo wengi hawavidhanii, ikiwemo milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1940. Kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Zanzibar ina sheria zake, ziulizwe huko. Karatasi yenye namba ya jalada la serikali isinunuliwe kimyakimya: kumbukumbu za umma zinasimamiwa na sheria ya 2002, na Nyaraka za Taifa wapo Upanga. Wapelekee waitazame. Ikithibitika ni yao, waachie pamoja na nakala ya maelezo yako ya mahali ulipoikuta.