Bibi aliniuliza kama namhesabia siku

"Kwa hiyo mwanangu, unanihesabia siku?"

Bibi mmoja wa Tanga aliniuliza hivyo barazani kwake, mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii ya kutafutia shirika wafadhili. Nilikuwa nimemwendea na kipeperushi cha kueleza jinsi mtu anavyoweza kuliachia shirika letu chochote kwenye wosia wake. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua ukurasa wa pili. Nikakikunja, nikaomba radhi, tukamalizia chai kwa habari za bei ya machungwa.

Kutaja wosia mbele ya mtu mzima ambaye hakuuliza ni uchuro. Hilo vitabu nilivyosomea havikunifundisha, maana vingi vilitoka Uingereza, na kule mazungumzo yanaweza kuanzia kwenye kodi: ukiacha angalau 10% ya mali yako halisi kwa misaada, kiwango cha kodi ya mirathi kwa mali inayotozwa hushuka kutoka 40% hadi 36%. Hapa Tanzania hatuna kodi ya mirathi, kwa hiyo pa kuanzia hapo hapapo. Siku hizi siendi kwa mtu kumwomba wosia. Mwishoni mwa taarifa yetu ya mwaka kuna mstari mmoja tu unaosema anayependa kutukumbuka kwenye wosia atumie jina letu la usajili, kisha jina lenyewe. Anayetaka hupiga simu mwenyewe, mara nyingi baada ya kutoka msibani.

Jina hilo la usajili si urasimu. Watu huandika "kile kituo cha masista pale barabarani", na siku wosia ukifika mahakamani masista wenyewe wanashindwa kuthibitisha kuwa ndio waliokusudiwa. Kama zawadi ni ardhi, ni lazima awepo mwenye uwezo kisheria wa kuimiliki, na kwa taasisi nyingi huyo ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. RITA hao hao ndio wanaotunza wosia kwa anayetaka, kwa hiyo nikiulizwa karatasi ikae wapi huwaelekeza huko, isikae kwenye kabati letu. Sisi si mahali pa kuhifadhi wosia unaotunufaisha. Wala hatuuandiki, hatuulipii, hatuushuhudii. Na mtu akiwa amelazwa namtembelea na matunda tu, hata akiomba karatasi mwenyewe. Namwambia amwite wakili wake na wanawe.

Wanawe. Hapo ndipo nilipokosea vibaya zaidi.

Mwalimu mmoja mstaafu alituandikia shamba la ekari tatu. Kwa miaka sita nilimtunza kama nilivyofundishwa: barua kila Desemba, mwaliko siku ya mahafali, simu akiugua. Nilidhani namjua. Alipofariki ndipo nikagundua kwamba katika miaka yote hiyo sikuwahi kukaa chumba kimoja na mtoto wake hata mmoja. Walisikia habari za shamba kutoka kwetu. Wosia wenyewe ulishuhudiwa na walimu wenzake wawili, wakati sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinataka wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika uwe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. (Wa mdomo ni wanne, wawili wa ukoo.) Ukoo ukasema haumjui shahidi hata mmoja. Tungeweza kubishana mahakamani kwamba mwalimu hakuishi kimila, na wakili wetu alikuwa tayari. Bodi ikaamua tujitoe. Niliumia, ila nadhani waliamua sawa: shirika linalogombea shamba na yatima wa mfadhili wake litapata wapi mfadhili mwingine katika kata ile?

Tangu hapo swali langu la kwanza kwa anayenipigia ni moja: nyumbani wanajua? Akisema hapana, simsukumi. Namwomba tu nikija kumsalimu niwakute na watoto. Wapo waliobadili mawazo baada ya kikao cha namna hiyo, na ni haki yao, maana wosia hubadilishwa wakati wowote mwenyewe akiwa hai na timamu. Ndiyo maana sikubali mhasibu wetu aingize ahadi hizi kwenye bajeti, hata kwa penseli.

Kwa wafadhili Waislamu, ambao ni wengi ukanda huu wa pwani, mazungumzo na familia ni mepesi zaidi kuliko wageni wanavyodhani, kwa sababu mipaka inajulikana tayari. Gharama za maziko na madeni hutoka kwanza, wasia kwa asiye mrithi hauvuki theluthi ya kinachobaki mpaka warithi waridhie, na zawadi ya aliye katika maradhi ya mauti huhesabiwa ndani ya theluthi hiyo hiyo. Mwenye nyumba ya kupangisha anayetaka kodi yake isomeshe watoto daima, mimi humwambia amwone sheikh wake kuhusu wakfu angali na afya, hata kama wakfu huo hautapitia kwetu. Zanzibar wanayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa kazi hiyo.

Msiba ukitokea, tunaenda kama waombolezaji. Tunatoa rambirambi, tunakaa mkekani, hakuna anayetamka neno shamba. Barua yangu ya kwanza kwa msimamizi wa mirathi huandikwa baada ya arobaini, fupi, ya kumjulisha tu nani awasiliane naye. Sheria inampa miezi sita tangu ateuliwe kuwasilisha orodha ya mali mahakamani, na mwaka mmoja kwa hesabu. Kumpigia kila wiki hakuongezi kasi, kunaongeza maadui.

Bibi wa Tanga aliishi miaka tisa baada ya ile chai. Mwaka wa nne aliniita mwenyewe, mpwa wake akiwa amekaa pembeni, akataja kiasi na sharti lake: kuna binti alikuwa akimlipia ada kwetu, naye alitaka kujua anasoma nini, si kila Desemba kwa barua ya kupigwa chapa, bali kila matokeo yakitoka, kwa simu, na nisimfiche akifeli. Alifeli hesabu mara mbili. Nilipiga simu zote mbili.

Mpwa ndiye aliyekuja kuwa msimamizi wa mirathi. Fedha ziliingia kabla hatujamwandikia. Sasa matokeo nampigia yeye.