Je, sindano za Kichina zinatibu mzio wa pua?

Wiki iliyopita aliingia kliniki mama mmoja, fundi cherehani, na kabla hajakaa sawasawa akapiga chafya saba mfululizo. Nilizihesabu, ndiyo mazoea ya kazi yetu. Chini ya macho alikuwa na vile vivuli vyeusi vya mtu ambaye pua yake haijafunguka kwa miaka, na juu kidogo ya ncha ya pua palikuwa na kikunjo chembamba cha mlalo, alama inayoachwa na kuisugua pua kwa kiganja kuelekea juu, kila siku, bila mwenyewe kujua. Tulipomaliza salamu akatoa karatasi kwenye pochi. Kituo kimoja kilikuwa kimemwandikia vikao 12 vya akupancha, yaani zile sindano za Kichina, na kumwahidi kwamba baada ya hapo mzio utakwisha kabisa. "Daktari, nilipe nisilipe?"

Nilimpa jibu fupi siku ile, nikamwahidi refu. Hili ndilo refu, na nimeliandika hadharani kwa sababu si yeye peke yake anayeniuliza.

Tuanzie ndani ya pua yake. Mwili wenye mzio umetengeneza kingamwili aina ya IgE dhidi ya kitu ambacho kwa jirani yake hakina madhara yoyote. Kwa wagonjwa wangu wengi wa Pwani kitu hicho ni kinyesi cha utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye magodoro, mito na mazulia, na vinavyostawi penye joto na unyevu, yaani hali ya hewa ya Dar es Salaam kama ilivyo. IgE hizo hujishikiza kwenye seli za kinga ziitwazo masti, zilizotapakaa katika utando wa pua. Chembe ya kinyesi cha utitiri ikitua hapo, seli humwaga kemikali iitwayo histamini, na ndani ya dakika chache huja chafya, mwasho na kamasi jepesi kama maji. Saa kadhaa baadaye hufuata wimbi la pili: utando unavimba, pua inaziba, na usiku mtu analala mdomo wazi.

Kwa hiyo anayekuambia sindano zitamaliza mzio wako anadai kwamba zitaufanya mwili wako usahau hizo IgE. Ni dai kubwa, na bahati nzuri linapimika. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 151 wenye mafua ya mzio ya kudumu, na pamoja na kuwauliza hali zao waliwapima damu. Waliochomwa sindano za kweli, IgE yao dhidi ya utitiri ilishuka. Lakini ilishuka kidogo sana, kiasi ambacho nikikiona kwenye majibu ya maabara ya mgonjwa wangu sibadilishi hata dawa moja. Dalili zilipungua, mzio ukabaki palepale.

Basi swali la haki ni kama sindano zinapunguza dalili, kwa kiasi gani, na kwa muda gani. Hapo nina utafiti mmoja ninaouheshimu kuliko mingine yote, na nitakaa juu yake kidogo.

Ulifanyika Ujerumani, ukiongozwa na Benno Brinkhaus wa hospitali ya Charité, Berlin, na ulichapishwa Februari 2013. Wagonjwa walikuwa 422, wote wakiwa na mzio wa chavua, yaani unga wa maua, ya miti ya betula na ya nyasi. Waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Watu 212 walipata akupancha ya kweli, 102 walipata akupancha ya bandia, na 108 hawakuchomwa chochote kwanza, walitumia dawa tu. Wote waliruhusiwa kumeza setirizini, kidonge cha kutuliza mzio, walipozidiwa. Vikao vilikuwa 12 katika wiki 8, idadi ileile aliyoandikiwa fundi wangu, na kila mtu aliandika dawa aliyotumia.

Hilo kundi la bandia ndilo moyo wa kazi yote. Fikiria mwenyewe: unaenda mahali patulivu, unalala, mtu anakusikiliza kwa makini kuliko sisi madaktari wenye foleni ya wagonjwa 40 mlangoni, anakugusa, anakupa matumaini. Ukitoka pale unajisikia mwepesi. Je, ni sindano au ni ule utulivu? Usipokuwa na watu waliopata utulivu uleule bila sindano halisi, huwezi kujua. Watafiti wale waliwachoma kundi la bandia sindano za juujuu, kwenye sehemu za mwili zisizohesabiwa kuwa vituo vya akupancha, mbali na pale Wachina wanapochoma kwa ajili ya pua: pembeni mwa tundu la pua, na kwenye ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Mgonjwa anahisi kachomwa, ila hajui kachomwa sindano ya aina gani.

Kuna njia nyingine ya kufanya bandia ambayo ningependa muijue. Mwaka 1998 daktari wa Heidelberg, Konrad Streitberger, na mwenzake walieleza sindano yenye ncha butu. Ukiigandamiza kwenye ngozi inachoma kidogo, halafu badala ya kuzama mwilini, shina lake linaingia ndani ya mpini. Anayetazama anaona sindano imefupika, anaapa imemwingia. Wengi kati ya watu waliojaribiwa walihisi imewaingia kweli. Nauona uvumbuzi huu kuwa wa heshima kubwa, kwa sababu uliwapa watafiti wa akupancha uwezo wa kujihukumu wenyewe kwa kipimo kikali.

Turudi Berlin. Wagonjwa walijaza dodoso la namna pua inavyowasumbua katika maisha: usingizi, kazi, kutoka nje, aibu ya kupenga kamasi mbele za watu. Alama zake zinaanzia 0 hadi 6, na wataalamu wanakubaliana kwamba mabadiliko ya 0.5 ndiyo madogo kabisa ambayo mgonjwa anayahisi. Baada ya wiki 8, kundi la sindano za kweli liliwazidi wa dawa tu kwa nafuu ya alama 0.7, na likawazidi wa bandia kwa nafuu ya 0.5. Dawa nazo walitumia pungufu kuliko makundi yote mawili.

Niseme wazi kwamba nilipousoma mara ya kwanza nilitarajia sindano za kweli na za bandia zitoke sare. Hazikutoka sare. Kwa hiyo wenzangu wanaosema akupancha ni mazingaombwe matupu hawajausoma utafiti huu. Lakini 0.5 ni pale pale mlangoni, nafuu ndogo kabisa inayoweza kuhisiwa, na watafiti wenyewe walitahadharisha kuhusu uzito wake. Kisha ilipofika wiki ya 16, tofauti zote zilikuwa zimetoweka. Na jambo moja zaidi: aliyekuwa anachoma alijua anachoma ya kweli au ya bandia. Sindano za akupancha ni vigumu kuzificha kwa mchomaji kama kidonge kinavyofichwa kwa mwuguzi, na sauti ya mtu anayeamini anachokifanya huwa tofauti na ya mtu anayejua anaigiza. Sijui nani angeweza kuizuia sauti hiyo isipenye.

Kwa msomaji wa Pwani kuna jambo lingine. Chavua ya Ujerumani ina msimu. Ikipungua hewani, hata asiyetibiwa anapata ahueni. Utitiri wetu hauna msimu wa kuondoka. Uko kitandani Januari hadi Desemba. Kwa hiyo kwa hali yetu naangalia zaidi utafiti wa Melbourne wa mwaka 2007, uliohusu mafua ya mzio ya kudumu. Ulikuwa mdogo, watu 80 tu, sindano mara mbili kwa wiki kwa wiki 8, karibu nusu za kweli na waliobaki za bandia. Dalili za pua zilipungua zaidi kwa waliopata za kweli, na nafuu ilionekana bado wiki 12 baada ya kuacha. Ni habari njema yenye watu wachache nyuma yake.

Mwaka 2015 chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani kilipoandika mwongozo wake wa mafua ya mzio, kiliiweka akupancha katika daraja la hiari: daktari anaweza kuitoa au kumwelekeza mgonjwa huko, kama mgonjwa mwenyewe anapendelea tiba isiyo ya dawa. Nakubaliana nao neno kwa neno.

Kwa pua. Kwa pumu sikubali, na naomba hapa nisikilizwe.

Mwaka 2011 timu ya Michael Wechsler na Ted Kaptchuk, Boston, ilichapisha utafiti wa watu 39 wenye pumu. Kila mmoja alipitia, kwa zamu, mambo manne: inhela ya kweli ya salbutamoli (dawa ya kupanua mirija ya mapafu), inhela ya bandia, akupancha ya bandia, na kukaa tu bila kufanyiwa chochote. Kisha wakaulizwa: umepata nafuu kiasi gani? Kwa inhela ya kweli walijibu asilimia 50. Kwa inhela ya bandia 45. Kwa akupancha ya bandia 46. Kwa kukaa tu, 21. Ukiishia hapo utasema vyote vitatu ni sawasawa. Lakini walipulizishwa pia kwenye mashine inayopima hewa mtu anayoweza kuitoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza. Salbutamoli iliongeza hewa hiyo kwa asilimia 20. Mengine yote, pamoja na kukaa tu, yaliongeza kama 7.

Soma tena namba hizo, tafadhali. Mtu alijisikia kapona, na mapafu yake yalikuwa yamebana vilevile.

Pua iliyoziba haiui. Mirija ya mapafu iliyobana inaua, na hatari yake kubwa ni hiyo ya mtu kujisikia afadhali huku hewa haipiti. Miaka kadhaa nyuma nilimpokea usiku kijana wa miaka 17, mabega yanapanda na kushuka kwa kila pumzi, hawezi kumaliza neno moja. Mama yake alikuwa ameambiwa na mtoa huduma mmoja kwamba tiba ya sindano haifanyi kazi mpaka inhela iachwe. Walikuwa wameiacha siku tisa. Kijana alipona, namshukuru Mungu, ila mpaka leo mtu akiniambia "ameacha inhela" mwili unanisisimka. Na kwa mwenye mzio wa karanga, wa dagaa kamba au wa kuumwa na nyuki, aliyewahi kuvimba koo au kuzimia, hakuna sindano ya Kichina ya kumkinga. Anachohitaji ni kukaa mbali na kitu hicho, na adrenalini, dawa ya dharura, karibu.

Sisemi haya kwa kuidharau tiba ya Wachina. Timu za madaktari kutoka China zimekuwa zikitibu Zanzibar tangu mwaka 1964, na wapo wazee waliochomwa sindano hizo kwa maumivu ya mgongo na wanazisifu mpaka leo. Kwa maumivu ushahidi ni mwingi zaidi, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Basi jibu kwa fundi wangu, kama nilivyomwambia alipopita tena juzi. Mama, ukienda, hutapoteza kitu zaidi ya fedha na muda, mradi uone kwa macho yako sindano zinatolewa kwenye pakiti mpya zisizofunguliwa, uwaambie kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, na usikubali kuchomwa kifuani kwa kina, maana pafu limewahi kutobolewa hivyo. Unaweza kupata nafuu ya wastani. Hutapona mzio. Vikao 12 ni nauli 12 na siku 12 cherehani imelala.

Halafu nikamwomba anionyeshe anavyotumia dawa ya kupuliza puani niliyomwandikia mwaka jana, ile ya steroidi. Alikuwa anasema haimsaidii. Akaishika kwa mkono wa kulia, akainua uso juu darini, akapulizia tundu la kulia huku ncha imeelekea katikati ya pua, akavuta kwa nguvu. Dawa yote ikaenda kooni. Niliona anavyoimeza kwa uchungu. Na alikuwa akiitumia siku ya chafya tu, wakati dawa ile huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kufika kwenye nguvu yake.

Tukaanza upya. Kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayetazama sindano ya cherehani. Mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, mkono wa kushoto kwa tundu la kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio na si ule ukuta wa katikati unaotoka damu. Puliza, vuta taratibu kama unanusa asumini. Kila asubuhi, chafya ziwepo zisiwepo. Mashuka na foronya zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki.

Alirudia mara tatu mbele yangu, mara ya tatu bila kosa. Karatasi ya vikao 12 ameirudisha kwenye pochi. Amesema ataamua baada ya mwezi, na tumepanga kuonana.