Eti "mambo yote yamerudi majimboni"

Naandika haya ili safari ijayo nitume kiungo tu. Nimeulizwa kwenye WhatsApp, nimeulizwa dirishani kazini, nimeulizwa hadi harusini nikiwa na sahani ya pilau mkononi: "Kwani Mahakama ya Juu ya Marekani si ilishasema afya ya uzazi ni shauri la majimbo? Hao FDA wanatafuta nini tena?"

Uamuzi wanaousema, ule wa kesi ya Dobbs wa tarehe 24 Juni 2022, uliondoa ulinzi wa kikatiba wa utoaji mimba, na majimbo yaliyotaka kupiga marufuku yakapiga. Basi. Haukufuta FDA, mamlaka ya dawa ya serikali kuu, haukufuta Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haukugusa uzazi wa mpango. Dawa gani iwe sokoni, kwa dozi ipi, aitoe nani, bima ilipie nini, hospitali ifanye nini mjamzito akiletwa usiku anavuja damu: kote huko serikali kuu bado ina mkono wake, na mara nyingi mkono wenyewe ni wa mtumishi ambaye hakupigiwa kura na mtu yeyote.

Mimi ni mfamasia, kwa hiyo naanza na mifepristone, dawa ya kutoa mimba. FDA waliiidhinisha Septemba 2000. Lebo ya mwanzo ilisema miligramu 600, mwisho wiki 7 za ujauzito, na mgonjwa afike kliniki mara 3. Mwaka 2016 lebo ikawa miligramu 200, hadi wiki 10, na anayeiandika si lazima tena awe daktari. Bunge halikukaa, jaji hakuitwa. Kampuni ilipeleka maombi na data, FDA wakaamua.

Juu ya lebo kuna REMS, yale masharti ya ziada ya usalama. Hapa ndipo ninapopoteza subira. Kwa miaka mingi dawa hii ilipaswa kukabidhiwa kliniki, mkono kwa mkono, ila baada ya lebo ya 2016 mgonjwa aliruhusiwa kuipeleka nyumbani akaimezee jikoni kwake. Sasa safari ya kliniki ilikuwa inamlinda na nini, foleni? Wakati wa korona, Aprili 2021, FDA wakaacha kulisimamia sharti hilo, na Januari 2023 wakaliondoa rasmi. Maduka ya dawa yakaruhusiwa kuitoa, hata kwa posta. Lakini si kila duka. Lazima lijaze fomu ya makubaliano na kampuni, liteue mtu wa kuwajibika, litunze siri ya majina ya wanaoandika dawa hiyo, liandike namba ya toleo la kila dawa inayotoka, na kifurushi kitumwe kwa njia inayofuatilika. Mgonjwa naye husaini fomu yake. Mwenzake, misoprostol, anayemezwa baada yake na ambaye wakunga wa kwetu wanamjua kwa kuzuia damu baada ya kujifungua, hana REMS hata kidogo. Lebo yake inazungumzia vidonda vya tumbo.

Ukiniuliza kama masharti haya yanamlinda mgonjwa au yanawalinda FDA dhidi ya wanasiasa, nitajibu yote mawili, na moyoni nitalipa la pili uzito zaidi. Vitabu vya fani yangu haviandiki hivyo.

Na usidhani ni chama kimoja tu kinachoingiza mkono. Desemba 2011, chini ya Obama, wataalamu wa FDA walikuwa tayari kuruhusu Plan B, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ndugu yake P2 yetu, iuzwe bila cheti cha daktari kwa umri wowote. Waziri wa Afya, Kathleen Sebelius, akawakatalia. Kikwazo hicho hakikuondoka mpaka 2013, na ilibidi jaji wa New York aingilie. Kisha kuna sentensi moja kwenye lebo ya Plan B iliyosema kidonge huenda kikazuia yai lililorutubishwa kujishikiza kwenye mji wa mimba. Ushahidi ulikuwa ukielekeza kwamba kinachofanyika ni kuchelewesha yai kutoka, lakini sentensi ilikaa pale hadi Desemba 2022. Katikati hapo, mwaka 2014, kampuni ya Hobby Lobby ilishinda kesi Mahakama ya Juu ikipinga bima ya wafanyakazi wake kulipia P2 na kitanzi, kwa imani kwamba vinafanya kazi hiyo hiyo. Sisemi kesi ingeamuliwa vingine, maana mahakama iliangalia imani ya wenye kampuni, haikupima sayansi. Nasema tu sentensi ya kwenye boksi la dawa ilibaki miaka mingi ikiwapa watu hoja.

Jambo la pili linalonikera: watu wanachanganya sheria, kanuni na waraka. Sheria hutungwa na Bunge. Kanuni huandikwa na wizara, ikachapishwa kwenye gazeti la serikali, wananchi wakatoa maoni, ikachukua miezi. Waraka hutoka asubuhi na unaweza kufutwa jioni. Sheria ya EMTALA ya 1986 inaitaka hospitali yenye idara ya dharura imtulize mgonjwa aliye hatarini. Julai 2022 CMS, idara ya shirikisho inayosimamia bima za afya za serikali, wakatoa waraka kwamba kama matibabu hayo ni kutoa mimba, hospitali ifanye, hata jimbo likikataza. Juni 2025 waraka ukaondolewa. Kwenye sheria yenyewe haikubadilika hata nukta, lakini daktari wa zamu aliye kwenye jimbo lenye marufuku hakulala kama alivyolala jana yake.

Fedha nitazipitia mbio. Title X, ya tangu 1970, hulipa kliniki za uzazi wa mpango. Kanuni ya 2019 ilizikataza kumwelekeza mtu kwenye utoaji mimba, Planned Parenthood, mtandao mkubwa wa kliniki hizo, wakajitoa, kanuni ya 2021 ikarudisha ya zamani. Na kama bima yako inalipia kijiti bila kukudai senti, kuna uwezekano mkubwa unadaiwa shukrani na HRSA, taasisi ya wizara ya afya inayopanga kinga zipi za wanawake bima ilipie, ambayo hujawahi kuitaja kwa jina.

Sera hubadilika pia kwa kuondoa watu. Sheria ya 1992 inataka takwimu za mafanikio ya kliniki za IVF (kutunga mimba maabara) zitolewe hadharani. Aprili 2025 timu ya CDC, kituo cha shirikisho cha kudhibiti magonjwa, iliyofanya kazi hiyo iliachishwa. Sheria ikabaki, meza zikawa tupu.

Sasa, wale wa "majimboni" nao wana robo ya ukweli, na nitawapa. Shuleni tulifundishwa kwamba sheria ya shirikisho hushinda ya jimbo. Je, jimbo linaweza kukataza dawa iliyoidhinishwa na FDA? Julai 2025 mahakama ya rufaa ilisema jimbo la West Virginia linaweza. Na Mahakama ya Juu, ilipoletewa kesi ya mifepristone mwaka 2024, majaji wote 9 walisema walalamikaji hawakuwa na haki ya kushtaki, wakaishia hapo. Kiini cha kesi hakikuguswa. Wanasheria ninaowaheshimu wanabishana hadi chai inapoa.

Septemba 2025 Waziri wa Afya na mkuu wa FDA waliwaandikia wanasheria wakuu wa majimbo kwamba usalama wa mifepristone unapitiwa upya. Kabla mwezi haujaisha, FDA hao hao wakaidhinisha jeneriki nyingine, yaani nakala ya kampuni nyingine, ya dawa hiyo hiyo. Wanasiasa wa upande wa waziri huyo wakawaka moto. Jibu la FDA lilikuwa kavu: jeneriki ikionyesha kuwa ni sawa na dawa ya asili, sheria haiwaachii nafasi kubwa ya kukataa.